Vitufe Vinane na Mwiko Mmoja

Mtaani walimwita Kamusi. Jina lilianza kwa utani wa fundi muashi wa nyumba ya jirani, ambaye siku moja alimwuliza maana ya neno la Kiingereza lililoandikwa kwenye mfuko wa gundi ya vigae. Akajibiwa maana nne, asili ya neno, na ipi itumike wapi. Alipogeuka, gundi yake ilikuwa imeshakauka ndani ya karai. Tangu hapo hakumwuliza jambo bila kutanguliza, "Kamusi, nipe fupi." Mwenyewe hakuchukia. Kuna majina mabaya zaidi ya hilo, na mtaani pale yalikuwepo.

Kazi yake ilikuwa kutafsiri yale makaratasi ambayo watu hawayasomi: maelezo ya pasi, ya pampu ya maji, ya kiti cha mtoto, ya dawa ya kunguni. Miaka kumi na mmoja alikaa kwenye meza ileile ya sebuleni, kando ya dirisha, mguu mmoja wa meza ukiwa umetiwa kabari ya hati ya dhamana iliyokunjwa mara sita. Hakuwa na cheo wala ofisi, ila alikuwa na fahari yake: hakuna mtu aliyewahi kuungua, kukatwa wala kurushwa na umeme kwa sababu ya sentensi yake. Ukiniuliza mimi, hiyo ni fahari inayotosha maisha ya mtu.

Alikuwa akiishi na mumewe, fundi umeme, mtu wa maneno machache na kicheko kirefu. Na kwa miaka miwili sasa alikuwa akiishi pia na mama mkwe. Bibi huyo alikuja baada ya kufiwa na mumewe, akiwa na begi moja jeusi ambalo zipu yake ilikuwa imeshonewa kwa uzi wa samawati. Nguo alizitoa akazipanga kabatini, lakini begi alilisukuma chini ya kitanda likiwa bado na kitu ndani. Kamusi alipotaka kulikung'uta aliambiwa, "Hicho kiache tu, mwanangu." Akakiacha.

Kabla ya hapo mama mkwe alikuwa mpishi wa shule ya bweni, miaka ishirini na sita, watoto mia sita kwa mlo mmoja, masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuoga ndani yake. Siku Kamusi alipomwona akishuka garini, mwembamba, mabega yamelegea, aliapa moyoni kwamba mama huyu amefanya kazi ya kutosha na kwake atapumzika. Na kiapo alikitimiza. Mama akiinuka kuosha kikombe, Kamusi alimpokonya. Akishika ufagio, "Aa, mama, keti bwana." Akichungulia jikoni, "Mama, huku kuna joto, kapunge upepo." Alimshika kama yai. Majirani walimsifu, na sifa, kama tujuavyo, humwingia mtu vizuri kuliko ushauri.

Sasa Jumatatu moja asubuhi, chai ikiwa mezani, mama akatua kikombe chake na kusema, kwa sauti ya mtu anayeulizia kama mvua itanyesha, "Jumamosi nitapanda basi niende kwa wifi yako. Nimeshaongea naye."

Kamusi alidhani ni kutembea. "Utakaa siku ngapi, mama?"

"Nitakaa hukohuko."

Mumewe aliganda na kipande cha mkate mkononi. Kamusi akauliza, "Kuna mtu amekukosea, mama? Kama ni mimi niambie."

"Hakuna aliyenikosea. Mmenitunza vizuri sana. Mungu awalipe." Akainuka, akaenda kukaa kwenye kiti chake cha siku zote karibu na dirisha, mikono juu ya mapaja.

Ilimuuma Kamusi, tusifiche. Miaka miwili hajamwachia mama wa watu hata kumenya kitunguu, na bado anakimbiwa. Alijihoji alipokosea, akapekua maneno yake yote kama anayepekua mfuko wa koti akitafuta ufunguo, asione kitu. Alikuwa bado anajihoji simu ilipolia.

Alikuwa dada wa kampuni moja iliyompa kazi. Kampuni hiyo ilikuwa inaingiza mashine mpya ya jikoni, yenye bakuli la chuma, jagi la kioo na vitufe vinane, na kila kitufe kimeandikwa kitenzi kimoja cha Kiingereza: stir, mix, blend, beat, whisk, cream, fold, knead. Kamusi alikuwa ameletewa mashine moja nyumbani pamoja na kijitabu chake, na wiki iliyopita alituma orodha ya maneno ya Kiswahili ya kubandikwa juu ya vitufe.

"Dada yangu, orodha nimeipata," alisema yule wa kampuni. "Nikusomee?"

"Nisomee."

"Changanya polepole. Changanya. Changanya kabisa. Changanya kwa nguvu. Changanya haraka. Changanya mpaka ilainike. Kunja. Kanda." Karatasi ikasikika ikiwekwa chini. "Sasa mteja wangu amesimama mbele ya mashine, mayai mkononi. Abonyeze changanya ipi? Na hii kunja, akunje unga kama shuka?"

Kamusi akaambiwa lebo ina nafasi ya neno moja tu, lisilozidi herufi tisa, na kwamba Ijumaa saa sita mchana orodha inaingia mtamboni kuchapwa, iwe nzuri iwe mbaya. Alipokata simu alifungua kamusi zake tatu. Ya kwanza ilimwambia changanya. Ya pili ikamwambia changanya. Ya tatu ilimhurumia ikamwongezea koroga, lakini haikusema ni kwa kitenzi kipi kati ya vile sita, ikamwacha palepale alipokuwa.

Jumanne aliamua kuijaribu mashine mwenyewe. Hapa lazima niseme ukweli ambao mtaa mzima uliujua: Kamusi alikuwa mtafsiri hodari na mpishi wa kubahatisha. Alipika kama anavyosoma, kichwa chini, kidole kwenye mstari, moto ukifanya unavyotaka. Alifuata kijitabu neno kwa neno mpaka alipofika pa kutia unga ndani ya ute wa mayai uliojaa povu, pameandikwa fold. Akabonyeza kitufe, mashine ikaanza kunong'ona taratibu. Akaona kama inategea. Akaongeza kasi. Lile povu lililosimama kama pamba likazama mbele ya macho yake, na keki ikatoka tanurini imelala kwenye chombo, nzito, na katikati imebonyea. Mumewe alikula vipande viwili na kusema ni tamu. Alikuwa mume mwema, lakini mwongo.

Kipande kimoja Kamusi alimpelekea fundi muashi Jumatano asubuhi, si kwa ukarimu bali kwa sababu ya maswali. Fundi alikipima mkononi, akakigonga kwa kidole.

"Kamusi, vya hivi nikipata mia tano namaliza ukuta leo."

"Cheka utakavyo, ila nisaidie. Wewe hapo unachanganya au unakoroga?"

Fundi akamwangalia kama aliyeulizwa jina la mamake. "Yote mawili, ila kila kimoja na wakati wake. Ona." Akachota mchanga, akamwaga saruji juu yake, akageuza kwa koleo mpaka rangi zikawa moja. "Kavu kwa kavu, hapa nachanganya. Sasa natia maji. Hapa nakoroga. Wapo wanaokoroga kabla hawajachanganya, ndiyo maana nyumba zao zinapasuka kabla hawajahamia."

Kamusi aliandika harakaharaka juu ya mfuko mtupu wa saruji. Vitufe viwili vimepatikana, na vimepatikana nje ya kamusi. "Na hiki cha kukunja?"

"Mimi hapa sikunji kitu ila nondo." Fundi akasimamisha koleo. "Lakini wewe dada una mambo. Unakuja kuniuliza mimi mambo ya unga, na ndani kwako mmemweka nani? Mimi nimesoma shule ile. Nimekula chakula cha mikono ya yule mama miaka minne. Tulikuwa mia sita, na uji wake haukuwa na donge hata moja. Hata moja! Nanyi mmempachika dirishani kama ua."

Kamusi alirudi nyumbani na ule mfuko wa saruji kwapani, na aibu imemshika. Kutoka kwenye meza yake hadi kwenye kiti cha mama mkwe palikuwa na hatua tatu. Siku tatu alikuwa akikuna kichwa juu ya namna nane za kuvuruga vitu bakulini, na miaka ishirini na sita ya kazi hiyohiyo imekaa hapo inaangalia barabara.

"Mama," alisema, "nina kazi imenishinda."

Mama akageuza shingo taratibu. Neno hilo hakuwahi kulisikia ndani ya nyumba ile.

"Ni maneno ya Kiingereza ya jikoni."

"Kiingereza mimi sikijui, mwanangu."

"Nakijua mimi. Kinachonishinda ni hayo ya jikoni."

Bibi akauliza, "Kinaingia nini, na kinatoka nini?"

Kamusi hakuelewa. Mama akamweleza kwamba pale shuleni walikuwa wakiletewa wapishi wapya kila muhula, kila mmoja katoka kwao na jina lake la kila kitu, na wakianza kubishania majina chakula kinaungua. Basi yeye aliweka sheria yake: hapana kutaja jina la kazi. Sema kinachoingia chunguni na kinachotakiwa kutoka, na mkono utajua njia ya katikati. "Jina utalitia baadaye," alisema. "Jina halijawahi kumshibisha mtu."

Wakaanza. Kamusi alisoma mfano kutoka kijitabuni: vinaingia matunda na maziwa, kinatoka kitu kimoja, huoni tena kipi kilikuwa kipi. "Hapo unasaga," alisema mama bila kufikiri. Inaingia siagi na sukari, inatoka laini, nyeupe kidogo, sukari haisikiki tena chini ya kijiko. Mkono wa mama ulianza kwenda juu ya paja lake, ukisukuma kitu kisichoonekana kwenye ukingo wa bakuli lisilokuwepo. "Unalainisha hiyo." Unaingia unga na maji, linatoka donge linalonyooka kama mpira bila kukatika. "Hata wewe hilo unalijua," alisema mama, na Kamusi akakiri kwamba kanda ndilo neno pekee alilolipata bila msaada.

Kwenye beat na whisk walikwama. Kote yanaingia mayai. Mama alizungusha mkono hewani hivi, akauzungusha vile, akatikisa kichwa. "Haya hayasemeki kiti kikiwa sebuleni. Nataka bakuli."

"Mama, jikoni kuna jo—" Kamusi akaumeza mwisho wa neno. Akasogea, akampisha.

Mama mkwe aliingia jikoni kama mtu anayeingia nyumba aliyowahi kuishi, akitazama kilipo kisu, lilipo sinia, na ni nani huyo aliyeweka chumvi mbali na moto kiasi hiki. Akavunja mayai mawili kwa mkono mmoja. Kwanza akayapiga kwa uma, kiwiko kimetulia, kifundo cha mkono kinafanya kazi, mpaka kiini na ute vikawa rangi moja. "Umeona? Nimeyapiga, yamekuwa kitu kimoja, basi. Sijataka zaidi." Kisha akachukua ute mtupu, akaomba mchapo wa mashine, ule wa nyaya za kuchapia mayai, akaushika mpini wake kati ya viganja viwili na kuusugua huku na huku, mchapo ukizunguka kasi, mpaka povu likaanza kupanda. "Huku natia hewa. Sisi tulikuwa tunapekecha, kwa kijiti chenye matawi. Watoto wagonjwa tuliwapekechea supu zao hivi."

Piga na pekecha. Kamusi aliyaandika yote mawili. Alikuwa akiyajua maneno hayo tangu utotoni, kila moja, na hakuna hata moja lililomjia alipokuwa mezani.

Siku hiyo waliishia hapo kwa sababu mayai yaliwaishia. Alhamisi asubuhi Kamusi alileta trei nzima. Kilibaki kitufe kimoja, kile cha keki ya Jumanne, na mama alitaka kuona kwanza walichokosea. Alionyeshwa kipande cha mwisho. Alikipinda, akakinusa, akacheka mpaka akashika meza. Kamusi hakuwahi kumsikia akicheka hivyo. Ni kicheko kilekile cha mwanawe, kirefu, kinachoanzia tumboni.

"Na huyo mume wako alikula?"

"Vipande viwili. Akasema tamu. Mama, mimi nakwambia kweli, miaka minane anakula mchuzi wangu wenye madonge na hajasema neno."

"Kwako hajasema. Mimi aliniambia wiki uliyoolewa."

Wakacheka wote wawili. Kisha mama akapekecha ute mpaka ukasimama, akanyunyiza unga juu yake kidogokidogo, na sasa hakukoroga wala hakupiga. Alichukua kijiko kipana, akakipeleka kando ya bakuli hadi chini kabisa, akainua kile cha chini, akakileta juu ya unga na kukiweka pale, taratibu. Akazungusha bakuli kidogo, akarudia. Povu halikushuka.

"Kinaingia kizito na chepesi," alisema, macho hayatoki bakulini. "Kinatakiwa kitoke kimoja, na chepesi kisijue kama kizito kimeingia. Hapa ukitumia nguvu umeharibu. Unakilaza tu. Umembeba mtoto kalala begani, unataka kumweka kitandani asiamke. Unakwendaje? Ndivyo hivyo."

Laza. Herufi nne. Kamusi aliliandika chini ya mengine saba, akaitazama orodha: koroga, changanya, saga, piga, pekecha, lainisha, laza, kanda. Changanya ilikuwa imebaki moja tu, mahali pake pa haki. Alipaswa kufurahi, na alifurahi, kisha furaha ikakatika ghafla kwa sababu alikumbuka kuwa kazi imekwisha na keshokutwa ni Jumamosi.

"Mama, usiende," alisema.

Bibi aliendelea kulaza unga. "Nikae nifanye nini?"

Jibu lilimjia Kamusi ulimini, lilelile la miaka miwili, upumzike mama yangu, na kabla hajalitoa akaliona lilivyo.

"Mgeni siku mbili," mama akasema, "siku ya tatu mpe jembe. Sijui kama kwenu mlifundishwa. Mimi nimekaa hapa miaka miwili, mwanangu, na jembe sijapewa. Nakula, naoshewa, natandikiwa. Nikiinuka, keti. Nikishika, acha. Nilipokuja nilikuwa nimefiwa na mume. Hapa nikafiwa na mikono." Akagonga kijiko kwenye ukingo wa bakuli. "Sikulaumu. Umefanya kwa mapenzi, nayajua mapenzi nikiyaona. Lakini wifi yako ana watoto watatu na hana wa kumshikia hata mwiko. Kule nitachoka, na mimi nataka kuchoka."

Kamusi alilia, palepale kando ya trei ya mayai, bila kujificha. "Nisamehe, mama. Nilidhani nakuheshimu."

"Ulikuwa unaniheshimu. Tia keki motoni, povu halisubiri."

Hakusema atakaa, hakusema atakwenda. Keki ilitoka imeinuka hadi juu ya ukingo.

Ijumaa saa nne Kamusi alituma orodha, na saa nne u nusu dada wa kampuni akapiga simu. Saba aliyapokea kwa furaha. La nane lilimtatiza. "Laza ndiyo nini? Tunalaza nani?"

Kamusi akamweleza juu ya mtoto aliyelala begani.

"Ninaye wa miezi mitano," dada wa kampuni akasema. "Jana nimemweka kitandani mara nne. Nimeelewa. Inakwenda hivyohivyo."

Kazi ilikuwa imekwisha, na bado alasiri nzima ilikuwa mbele. Kamusi alipita mlangoni pa chumba cha mama, akaona begi jeusi limeshatolewa chini ya kitanda na kuwekwa juu ya kiti, zipu imefungwa. Akafikiri kumwomba tena, akaona maneno ameshayamaliza, naye ni mtu anayejua neno likizidi huwa halisomwi. Akaenda kukaa mezani kwake.

"Mama!" aliita kutoka pale. "Leo nina karatasi za pampu hapa zimenikaba. Chakula cha jioni ni juu yako."

Kisha akakaa. Mniamini, hilo lilikuwa gumu kuliko vitufe vyote vinane. Alisikia sufuria likiburutwa, akauma kalamu. Alisikia mama akikohoa kwa moshi wa kitunguu, akashika kiti kwa mikono miwili. Jirani mmoja, yule mwenye macho ya kuhesabu nguo kwenye kamba za watu, alipita dirishani akasimama.

"He! Kamusi, leo mama ndiye anayepika na wewe umekaa?"

Kesho mtaa mzima utajua, na sifa za miaka miwili zitakwenda na maji. Kamusi alilijua hilo. "Ndiye," akajibu. "Mimi sijui kupika."

Jikoni pakatulia kidogo, kisha kijiko kikaendelea na kazi. Mume aliporudi alisimama mlangoni akanusa, begi lake la vifaa bado begani. Alikula bila kusema, akaongeza, akaongeza tena, na alipomaliza alifuta sahani kwa kidole kama mtoto. Alisema tamu, na safari hii hapakuwa na uongo ndani yake. Mama alikuwa amechoka, jasho kwenye paji la uso, amekaa miguu imenyooka mbele yake. Ng'ombe akizeeka hazeeki maini, wahenga walisema, na usiku huo aliyeketi pale hakuwa yule mwembamba wa dirishani. Lakini hakusema lolote kuhusu basi, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Jumamosi kulipopambazuka Kamusi aliamka ili apashe chai ya msafiri. Alimkuta mumewe ameshatangulia, amekaa kwenye ngazi ya mlango, viatu vya safari vimefungwa, tayari kumsindikiza mama kituoni. Uso wake ulikuwa umeanguka. Wakasubiri pamoja. Saa kumi na mbili na nusu ikapita. Basi lilikuwa la saa moja.

"Nimgongee?" mume akanong'ona.

Kamusi akaenda yeye. Mlango wa chumba ulikuwa wazi na kitanda kimetandikwa. Begi jeusi lilikuwa juu ya kiti, zipu wazi, nalo lilikuwa tupu. Limebonyea ubavuni kama begi lisilokuwa na kazi tena. Kabatini nguo zilikuwa pale pale zilipokuwa miaka miwili yote.

Mama alikuwa jikoni. Alikuwa ameivuta ile mashine ya vitufe vinane hadi pembeni, kupata nafasi, na juu ya meza alikuwa ameweka mwiko. Ulikuwa mrefu kama mkono wa mtu mzima kuanzia begani, mti wake umekuwa mweusi, na ncha yake imelika upande mmoja tu, upande wa kushoto, kwa kukorogea mwelekeo uleule miaka ishirini na sita. Ndicho kitu kilichokuwa kimekaa chini ya kitanda.

"Wifi yako nimempigia," alisema bila kugeuka. "Nitakwenda wakati wa likizo, wiki mbili, nimsaidie, nirudi. Wewe usisimame hapo, lete maziwa. Na mwite huyo mwanangu aje na nyundo, nataka msumari wa kutundikia huu."

Mume alikuja na nyundo na msumari mrefu, viatu vya safari bado miguuni. Alisimama mbele ya ukuta, akapapasa plasta, akainua mkono mpaka juu, usawa wa kichwa chake, akageuka kumtazama mkewe. Kamusi hakumjibu yeye.

"Mama," aliuliza, "msumari tuupige wapi?"

Bibi akaufuta mwiko kwa upande wa kanga yake, akasogea ukutani, akanyoosha mkono bila kujinyanyua.

"Hapa," alisema. "Mkono wangu unapofika."